UZI: Umemaliza IR (Uhusiano wa Kimataifa) na mtaa umekukataa? Njoo tuambiane ukweli kazi zilipo

Wakala_Kurasini

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu asije akaanza kulalamika mbele ya safari.

Ofisi ninayofanyia kazi ipo Kurasini, na kila asubuhi foleni inanikwamisha jirani na Chuo cha Diplomasia, kile ambacho sa hivi kimepewa jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Pale naona vijana wanashuka kwenye daladala, suti imenyooka, tai, kiatu kimepigwa brashi mpaka unajiona, na pembeni yao malori yenye namba za Congo na Zambia yamejipanga yanasubiri kuingia bandari kavu. Vijana wanayapita wameziba pua kwa sababu ya vumbi. Huwa nacheka peke yangu maana miaka kumi nyuma na mi ningeyapita hivyo hivyo, na leo hayo malori ndo yanayonilipia kodi ya nyumba.

Mi nilimaliza digrii ya Uhusiano wa Kimataifa 2014, chuo sikitaji. Mama alishawatangazia watu wote kanisani kwamba mwanangu anasomea ubalozi, kwahiyo nikirudi likizo naitwa mheshimiwa balozi, napewa kiti cha mbele, kuku anachinjwa. Kufika 2016 jina ni lile lile ila limegeuka kuwa tusi. "Balozi, hebu kinga maji yanakatika." Kuna mjomba alisema mbele ya wageni kwamba labda nitakuwa balozi wa nyumba kumi, watu wakacheka na mimi nikacheka, ila ile chai sikuimaliza.

Kichwani nilikuwa na milango mitatu tu na nadhani wengi mliosoma hii kitu mna hiyo hiyo mitatu: Wizara, UN, na balozi za wenzetu zilizopo Dar.

Wizara. Watu wengi hata hawajui kwamba Wizara ya Mambo ya Nje haichukui watu mlangoni na bahasha, nafasi ya Afisa Mambo ya Nje Daraja la II inatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kama kazi nyingine yoyote ya serikali, unaomba kwenye Ajira Portal, unaitwa usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita unaenda wa mahojiano. Sasa mi nimetoka chuo, naanza kujipanga, katikati ya 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, afu ukaja wa vyeti feki. Kwahiyo kundi letu lote tuliomaliza miaka ile tulikaa tunaangalia mlango uliofungwa na hatujui utafunguliwa lini. Ulipofunguka nikaitwa mchujo Dodoma, nikapanda basi usiku, nafika naona ukumbi umejaa watu wazima wenye vitambi na masters zao wanagombania nafasi za kuhesabu kwa vidole. Sikupita. Sikulogwa wala nini, swali moja lilitaka niandike barua rasmi ya kidiplomasia na mi miaka mitatu chuo nimejadili nadharia za mamlaka na mizani ya nguvu, ile barua sijawahi kuandika hata moja.

Ubalozi. Niliomba nafasi ya karani wa viza kwenye ubalozi mmoja. Kwenye sivii nimejaza Kifaransa "wastani". Mama wa watu akaniuliza swali kwa Kifaransa, nikajitaja jina, nikasema naishi Dar es Salaam, afu tukatazamana. Nikasikia jasho linashuka mgongoni taratiiibu. Akanishukuru kwa Kiingereza.

UN ndo usiseme, niliomba mpaka mfumo ukawa unaijua simu yangu. Hata barua ya kukataliwa haiji, kimya tu.

Sasa nije kwenye hoja yangu ndo mnishambulie vizuri. Digrii ya IR ni nazi. Nazi nzuri kabisa, imekomaa, ina tui. Lakini nazi bila mbuzi utaiangalia mpaka ioze, huwezi kuikuna kwa kucha. Sisi tunamaliza chuo tumebeba nazi mkononi tunatembea nayo mtaani tunashangaa kwanini hakuna anayetupa wali. Daktari ametoka chuo na nazi na mbuzi, mhasibu hivyo hivyo, sisi mbuzi inabidi ukatafute mwenyewe na hakuna mwalimu atakayekwambia hilo maana yeye mbuzi wake ni PhD.

Na angalieni hao wakubwa tunaobandika picha zao. Mama Migiro aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa UN 2007 mpaka 2012 ni mwanasheria. Prof. Tibaijuka aliyeongoza UN-Habitat pale Nairobi ni mchumi wa kilimo. Hawakufika kule kwa kusomea "mambo ya kimataifa", walikuwa na fani yao na dunia ikawafuata.

Mbuzi wangu mimi ni forodha. 2017 nimechoka kuombaomba nauli, binamu yangu ana kampuni ndogo ya kliaringi, yaani kutoa mizigo ya watu bandarini, akanambia njoo ushike makaratasi, nakupa laki mbili na nusu. Niliona aibu jamani. Digrii ya diplomasia naenda kukimbiza karatasi bandarini na wale vijana wa kofia. Wiki ya kwanza nilikuwa navaa tai, wale jamaa wakaniita mchungaji.

Ila ndani ya miezi kama mitatu kuna kitu kikanishtua. Kuna mteja kaleta mzigo kutoka Kenya, anataka kulipa ushuru kama umetoka Uchina, nikamuuliza cheti cha uasili, kile kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, kiko wapi, akasema cheti gani. Nikajikuta namsomesha umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulioanza 2005, bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ikikidhi kanuni za uasili haitozwi ushuru wa kuingiza, na ya nje inapigwa ushuru wa pamoja. Ile somo ya mtangamano wa kikanda niliyokuwa nasinzia! Afu ona sisi tulivyo, Tanzania tupo EAC (Afrika Mashariki) na SADC (Kusini mwa Afrika), COMESA (soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika) tulishatoka tangu 2000, Zambia yupo COMESA na SADC, Congo yeye yupo kote kote kutatu maana EAC kaingia 2022. Mteja mwenye bidhaa za kiwandani Dar anayepeleka Lubumbashi lazima ajue anatumia cheti cha jumuiya ipi, akikosea analipa mamilioni bure. Wenzangu ofisini walikuwa wanajua kubonyeza mfumo kuliko mimi, ila kwanini mfumo unadai hiki na sio kile walikuwa hawajui. Hapo nazi ikapata mbuzi.

Nikaenda kuchukua cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki pale Chuo cha Kodi, na Kifaransa nikarudi kukisoma kwa hasira, jioni Alliance Française pale Upanga, kutoka pale unanuka dizeli unakaa na watoto wa Masaki wenye manukato. Kilichonitoa kimaisha ni mzigo mmoja wa Lubumbashi. Mzigo wowote unaoingia Congo lazima uwe na FERI, ile karatasi inayotolewa chini ya OGEFREM, ofisi yao ya kusimamia usafirishaji wa mizigo, na ule mzigo FERI yake haikusoma sawa na hati ya mzigo ya meli (bill of lading). Lori limelala Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, siku ya sita, kila siku gharama ya gari kulala inapanda, mteja anapiga simu analia, ofisi nzima inamwandikia mtu wa Congo kwa Kiingereza na hajibu. Nikaandika barua ya Kifaransa, heshima zote mpaka ile salamu ndefu ya mwisho, nikapiga simu na Kiswahili chao cha kule nikachanganya. Marekebisho yakatoka. Yule mteja mpaka leo hampi mtu mwingine mzigo wake.

Sijasema wote mwende kliaringi, na kule nako kuna shida zake ntaeleza nikiulizwa. Nasema tafuta mbuzi. Wenye uzoefu wa pande nyingine shusheni, hasa NGO na Nairobi, maana huko mi sijafika.

---

kijana_wa_bumu

Mkuu umenigusa sana, mi niko mwaka wa tatu hapo hapo kwenye hiyo kozi, GPA 4.1 mpaka sasa. Nilikuwa nimeweka akili yote UN, kuna ile programu yao ya vijana wataalamu nimeiona. Je ni kweli wanachukua au ni geresha? Na je GPA inasaidia?

---

Wakala_Kurasini

Mdogo wangu GPA hongera, itakusaidia kupata skolashipu, kazini hakuna atakayekuuliza. Ya UN namwachia mwenye nayo.

---

Gigiri_Kwa_Geti

Niaje watu wa TZ, mimi ni Mkenya, IR pia, nimetarmac, yaani kusaka kazi, Nairobi miaka miwili kabla mambo yashike. Kijana wacha nikwambie hiyo YPP. Si geresha, iko, lakini kila mwaka wanatoa orodha ya nchi zenye hazina watu wa kutosha kwa Sekretarieti, kama nchi yako haimo mwaka huo basi hata usijisumbue. Umri mwisho ni 32, na unafanya mtihani na watu wa dunia nzima. Jaribu, lakini usikae nyumbani ukiingojea.

Shida ya nyinyi watu wa kudream ni mnaona UN ni kitu kimoja. Kuna kazi za P, hizo za kimataifa, zinataka masters na miaka ya uzoefu. Kuna za NO, hizo ni za wananchi wa nchi yenyewe, yaani kule Dar nafasi ya NO ni ya Mtanzania, Mkenya kama mimi siwezi ingia. Na kuna za G, za ofisi, za kuandika, kupanga safari, kulipa watu. Mimi niliingia na kontrakti ya miezi mitatu ya kusaidia kupanga mikutano, nikiketi na majina ya wajumbe na visa zao na hoteli zao. Ilirefushwa mara nne. Sai niko G, na nimeona watu wa masters mbili wakililia hiyo G yangu. Inteni wa Sekretarieti halipwi kitu, hiyo ujue kabla hujapanda basi kuja huku, UNDP na UNICEF angalau wanatoa posho. UNV ya kitaifa, ile ya kujitolea UN, pia ni mlango mzuri sana na watu wanaidharau juu ya hilo jina la kujitolea, na si bure, unalipwa posho ya kuishi.

Na msidanganyane, mwaka wa 2025 ulikuwa mbaya hapa UN Nairobi. Pesa imeisha, kuna hiyo mpango ya kupunguza wanaita UN80, watu wenye wamekaa miaka kumi na tano wamepewa barua. Kwa upande mwingine kuna vitengo vinatolewa New York vinaletwa Nairobi juu huku ni bei rahisi. Hivyo mlango mmoja unafungwa mwingine unafunguliwa kidogo, lakini kwa foleni uko na mtu wa miaka kumi na tano ya uzoefu mbele yako.

---

Dada_Kibondo

Shikamooni wakubwa. Mi nina la kusema kuhusu NGO maana nimekaa Kigoma miaka sita, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwanza afu upande wa Kibondo.

Niliingia kama wote mnavyoingia, nimebeba digrii ya IR nimejua mikataba yote ya wakimbizi, wa 1951 na ule wa OAU wa 1969 naweza kukutajia vifungu nikiwa nimelala. Siku ya kwanza fildi meneja akaniuliza, "Unajua Kirundi?" Sijui. "Unajua kuendesha gari ya gia?" Sijui. "Eksel?" Nikasema najua, akaniwekea faili lina mistari elfu na kitu ya kaya zilizopokea magodoro, akasema toa waliojirudia. Kaka Wakala hadithi yako ya jasho mgongoni nimeielewa vizuri kabisa.

Mbuzi wangu ikawa takwimu. Nilijifunza Kobo, ile programu ya kukusanya takwimu kwa simu, nikajifunza kutengeneza dodoso, kupanga sampuli, kuandika ripoti ya mfadhili ambayo mfadhili ataisoma, baadae Pawa BI, ya kuonyesha takwimu kwa chati, kwa kuangalia video usiku mtandao ukitulia. Kule kambini mtu wa ufuatiliaji na tathmini ni mfalme, kila mradi unamhitaji hata ukiwa wa vyoo. Mtu anayejua "haki za binadamu" kwa ujumla wake mradi ukiisha anaondoka wa kwanza.

Lakini sitawaficha, wiki ya mwisho ya Januari 2025 tulipokea imeili kwamba simamisheni kazi zote zenye pesa ya Wamarekani. Zote, hata kujaza mafuta gari. Tukadhani ni wiki mbili. Kufika Machi wakasema asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa na Julai mosi lile shirika lenyewe likafungwa. Ofisini kwetu tulibaki wachache, mi nikiwa kati ya walioondoka. Nilikuwa na mkopo wa nyumba ya wazazi. Nimekaa miezi mitano nyumbani Kasulu nalima maharage, sicheki.

Kilichonirudisha ni zile takwimu, si NGO. Kampuni moja ya mazao inanilipa kwa mkataba kufuatilia wakulima wao, ni dodoso zile zile, kaya zile zile, sema badala ya magodoro ni mbegu. Kwahiyo nakubaliana na nazi na mbuzi, naongezea tu kwamba mbuzi wako asiwe wa tajiri mmoja.

---

Sumu_ya_Panya

Mnazunguka mbuyu. Hii nchi ni konekisheni. Watoto wa wakubwa ndo wanaenda balozini, nyie mnafundishana kukuna nazi. Hii kozi ifutwe tu vyuoni watoto wasomee ufundi bomba.

---

Wakala_Kurasini

Mkuu Sumu, konekisheni zipo, mi mwenyewe nimeingia kliaringi kwa binamu, sasa nikatae nini. Ila konekisheni inakufikisha mlangoni. Binamu angenifukuza mwezi wa pili kama ningeendelea kuvaa tai na kukosea namba za konteina. Na ufundi bomba ni kazi nzuri, fundi wangu ananidai laki na nusu mpaka sa hivi na anaringa.

Dada Kibondo pole sana aisee. Hilo la tajiri mmoja ningelijua mapema nisingeweka mizigo yangu yote njia moja, mwaka juzi njia ya Tunduma ilivyokuwa inafunga foleni ya kilomita na kilomita nilikula ugali na chumvi.

---

Mstaafu_Itifaki

Wanangu, nimekuwa nawasoma kimya. Nimetumikia mambo ya nje zaidi ya miaka thelathini, sasa hivi nafuga kuku Kibaha, simu nimenunuliwa na mjukuu. Mniruhusu kidogo.

Mnadhani ubalozi ni kushika glasi. Kazi yangu ya kwanza kituoni, nchi siitaji, ilikuwa maiti. Mtanzania kafariki, ndugu hawana pesa, hospitali inadai, na mimi kijana wa miaka ishirini na nane natakiwa nimfikishe kwao. Cheti cha kifo, kitafsiriwe, kigongwe muhuri, cheti cha mwili kutiwa dawa, jeneza la zinki lililofungwa, shirika la ndege, barua kwa uhamiaji, na huku mama mzazi anakupigia simu usiku anakuuliza mwanangu amelala wapi. Siku ile niliuelewa Mkataba wa Vienna wa 1963, ule wa kazi za kikonseli, kuliko nilivyousoma darasani. Baada ya hapo wafungwa, wanafunzi waliopoteza pasipoti, mabinti waliokimbia waajiri. Ukiwa huwezi kukaa na mtu mwenye msiba, hii kazi acha.

La pili. Kijana wa suti asijilinganishe na Dk. Salim kupewa ubalozi Misri 1964 akiwa na miaka 22. Nchi ilikuwa ndo inazaliwa, wasomi wanahesabika. Leo unaanza Daraja la II, unaandika muhtasari wa vikao ambavyo hukuongea, unapokea wageni uwanja wa ndege saa tisa za usiku na jina lao limekosewa kwenye kibao. Unapelekwa nje baada ya miaka, si kwa haraka zako, kwa zamu na kwa mahitaji. Na ukirudi Mtumba, Wizarani kule Dodoma, unarudi kwenye mshahara wa Mtumba, wengi hapo ndo huanguka, walizoea posho za kituoni.

Na huyu bwana wa forodha kasema jambo ambalo mimi nililiona likija. Tangu Sera ya Mambo ya Nje ya 2001 tunazungumza diplomasia ya uchumi, na watu wakidhani ni hotuba. Chukueni parachichi, ili yaingie soko la China ilibidi makubaliano ya afya ya mimea yasainiwe 2022. Meza kama ile afisa anayejua historia ya vita baridi peke yake atakaa kimya, anayetakiwa ni anayejua nzi wa matunda ni nini na cheti cha usafi wa mimea kinasomwaje. Kama ningekuwa nawaajiri mimi, ningechukua kijana aliyehangaika mpakani miaka miwili kabla ya yule mwenye 4.1. Samahani mwanangu wa bumu, si kukuvunja moyo.

---

kijana_wa_bumu

Shikamoo mzee. Hujanivunja moyo, nimevunjika mwenyewe hapa nimekaa kitandani naangalia hii suti ukutani 😅

Sasa naomba nielekezwe, nimebakiza muhula mmoja. Nianze wapi, Kifaransa, forodha au hizo takwimu? Pesa ninayo ya kitu kimoja tu. Na masters je?

---

Gigiri_Kwa_Geti

Masters ngoja. Chevening yenyewe, ile skolashipu ya Uingereza, inataka saa 2,800 za kazi, hiyo ni kama miaka miwili, na ukimaliza lazima urudi nyumbani miaka miwili. Wenye wameenda masters mbio mbio wamerudi na shida ile ile, tu ni ya bei ghali. Kama hujapita 35 angalia pia ile ya AU (Umoja wa Afrika) ya vijana wa kujitolea, unakaa mwaka mmoja ndani ya taasisi zao, posho wanatoa. Rafiki yangu alienda Addis akarudi na Kifaransa na bwana, vyote bila kupanga.

---

Wakala_Kurasini

Dogo, ukiniuliza mimi: lugha kwanza, kwa sababu ndo inachukua muda mrefu kuliko vyote na ndo haina njia ya mkato. Takwimu utajifunza miezi sita ukijibana, forodha mwaka. Kifaransa mi kimenichukua miaka mitatu mpaka mtu wa Lubumbashi aache kunicheka. Fikisha kiwango cha B2 ufanye ule mtihani wa Kifaransa wa DELF upate karatasi, kwenye sivii usiandike "wastani" kama mimi, neno hilo limeniponza. Na ukisema mbona Kiswahili kimepitishwa AU 2022 kuwa lugha ya kazi na SADC kipo tangu 2019, ni kweli na ni fursa, ila mkalimani wa mikutano ni fani ya kusomea, lazima uwe na lugha ya pili ya kukitafsiria, sasa ndo hapo unarudi kule kule kwenye Kifaransa.

Arusha nayo usiisahau, pale kuna Sekretarieti ya EAC, Mahakama ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Nafasi za kitaalamu za EAC zinaenda kwa mgao wa nchi na mkataba ni miaka mitano unaongezwa mara moja, hivyo kila baada ya muda kiti kinaachwa wazi. Wengi hawajui, wanasubiri UN. Sema utaulizwa uzoefu, ndo maana nakwambia anza popote.

Na huu muhula uliobaki nenda fildi sehemu yenye vumbi. Wenzako watang'ang'ania kwenda Wizarani kupiga picha na bendera. We omba mpakani, omba bandarini, omba halmashauri yenye wakimbizi. Mtu mmoja pale mpakani aliyekuona unafanya kazi ana thamani kuliko barua kumi za utambulisho.

---

Dada_Kibondo

Kweli. Afu mdogo wangu jifunze kuendesha gari ya gia 😂 nimekosa nafasi mbili kwa hilo tu.

---

Sumu_ya_Panya

Swali kwa Wakala, bila utani. Mi nina IR pia, nimemaliza 2019, naendesha bodaboda Mbagala. Hicho cheti cha Chuo cha Kodi mtu wa IR anapokelewa?

---

Wakala_Kurasini

Aaah kumbe mkuu we ni mwenzetu! Ndo maana sumu ilikuwa kali.

Unapokelewa, darasani kwetu kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi na mwanajeshi mstaafu. Kile chuo kipo Mikocheni, nenda na vyeti vyako uulize intake inayofuata, wanatangaza pia kwenye tovuti yao. Kabla hujalipa hata senti, tafuta ofisi ya kliaringi ukae wiki mbili bure uone kama utaiweza, maana kuna kukesha, kuna kudanganywa na wateja, na ukikosea tamko la forodha faini inamwangukia wakala. Wewe bodaboda tayari una kitu, Kurasini na bandari unazijua kwa kichochoro, sisi tunalipa watu wa kukimbiza nyaraka kila siku. Njoo PM tuongee, Jumatatu usije, meli tatu zimefunga gati na mi nakuwa kama mwendawazimu.

Wengine ntawajibu kesho wakuu. Dereva ananipigia toka upande wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma kule Zambia, anasema muhuri wa kielektroniki wa kufuatilia mzigo umeacha kusoma na maafisa wamemwambia asisogee. Ngoja nikaamshe watu.